Pinelands ya New Jersey: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya njiani, katika miaka ya kuwatembeza Waswahili wenzangu wa Trenton, Philadelphia na kwingineko ndani ya misitu ya kusini mwa New Jersey. Wengi wao walishapita hapa mara nyingi wakielekea baharini bila kushuka kwenye gari. Anayesoma akiwa Dodoma au Mombasa naye nimemkumbuka. Kama una muda wa swali moja tu, soma la 4, maana mengine karibu yote yanatokana nalo.

## Mambo ya msingi

1. Pinelands ni nini, na iko wapi?

Ni eneo lililohifadhiwa kusini mwa jimbo la New Jersey, Marekani, kati ya Philadelphia na pwani ya Atlantiki. Ukubwa wake ni takriban ekari milioni 1.1, yaani zaidi ya mara mbili na nusu ya kisiwa cha Unguja, na linachukua kama asilimia 22 ya ardhi ya jimbo zima. New Jersey ndilo jimbo lililosongamana watu kuliko yote Marekani. Msitu wa ukubwa huu kusalia katikati ya barabara kuu na maduka makubwa ni jambo linalonishangaza mpaka leo.

Ndani yake mna misitu mikavu ya misonobari na mialoni inayoota kwenye mchanga, vinamasi vya mierezi, mito midogo isiyo na haraka, mashamba ya matunda, vijiji, na hata kambi kubwa ya jeshi. Wenyeji wengi bado huiita Pine Barrens.

2. Je, ni hifadhi ya taifa kama Serengeti au Tsavo?

Hapana, na hili ndilo linalowachanganya wengi. Hakuna geti kuu wala askari wa kukukatia tiketi mpakani. Bunge la Marekani lilipoitangaza mwaka 1978, ilikuwa hifadhi ya kwanza ya aina yake nchini humo: ardhi haikutwaliwa yote na serikali, watu hawakuhamishwa, bali matumizi ya ardhi yaliwekewa masharti. Mwaka uliofuata jimbo likapitisha sheria yake lenyewe, na gavana wa wakati huo, Brendan Byrne, akaisimamia kwa nguvu ingawa wajenzi wa nyumba walimpinga vikali. Mpango wa usimamizi ulianza kutumika 1981.

Eneo hili linagusa kaunti 7 na halmashauri 56 za miji na vijiji. Msimamizi ni Kamisheni ya Pinelands yenye wajumbe 15: gavana huteua 7, kila kaunti hutoa mmoja, na wa mwisho huteuliwa na Waziri wa Mambo ya Ndani wa serikali ya shirikisho. Ukitaka mfano wa nyumbani, wazo lake liko karibu na Ngorongoro kuliko Serengeti, maana watu wamo ndani. Tofauti ni kwamba hapa wengi wana hati za kumiliki ardhi yao, kwa hiyo ugomvi mwingi huhusu kile ambacho mwenye hati anaruhusiwa kufanya (tazama swali la 19).

3. "Barrens" maana yake ardhi tasa. Ni kweli ni tasa?

Jina hilo walilitoa walowezi wa Kizungu waliojaribu kupanda mazao waliyoyazoea wakaambulia patupu. Udongo wa hapa ni mchanga mtupu, una tindikali, na mvua ikinyesha huzamisha rutuba chini kabisa. Chimba shimo la kina cha mkono utaona tabaka: juu weusi kidogo wa majani yaliyooza, chini yake mchanga mweupe kama majivu, halafu rangi ya njano ya kutu pale madini ya chuma yaliposhukia.

Ngano haikubali. Lakini kuna aina zaidi ya 800 za mimea inayoota humu, pamoja na okidi za porini. Mimea mingi ya kusini mwa Marekani inafika hapa na kukomea hapa, haiendi tena kaskazini, na michache ya kaskazini nayo inakomea hapa ikija kusini. Mimi neno "tasa" silitumii. Atakayelitumia mbele yangu nampeleka Juni kwenye kinamasi, aangalie mwenyewe.

## Maji na mchanga

4. Inawezekanaje kinamasi na msitu mkavu viwe mahali pamoja?

Kwa sababu ni mchanga ule ule, na kinachobadilika ni umbali wa maji chini ya miguu yako.

Chini ya Pinelands yote kuna mchanga mnene uliojaa maji, kama sponji iliyolowa. Pale ardhi inapoinuka kidogo, maji yako mita kadhaa chini, juu panakauka upesi, na wanaoweza kuishi hapo ni msonobari wa gome nene, mialoni migumu na vichaka vya beri. Pale ardhi inaposhuka, maji yanafika hadi juu ya ardhi, na hapo utakuta mierezi, okidi na majani laini ya sfagnamu yanayofyonza maji. Kati ya hali hizo mbili tofauti ya mwinuko inaweza kuwa mita moja au mbili tu. Ukitembea kwa makini unaihisi miguuni kabla ya kuiona: mchanga unaacha kulia chini ya viatu, unakuwa kimya, kisha unakuwa baridi, kisha ubao wa njia unaanza. Ndani ya kinamasi cha mierezi mashina yamesimama karibu karibu na mwanga unapungua kama umeingia ndani ya nyumba. Geuka nyuma, na bado unauona mchanga mweupe ulikotoka.

Hii ndiyo maana sikubali mtu akiniambia tulinde kinamasi, msitu mkavu tujenge. Mvua inayonyesha juu ya mialoni leo ndiyo maji ya mierezi ya kesho. Ukiweka lami kule juu au ukivuta maji kwa pampu, kinamasi kinakauka hata kama hakuna aliyekigusa.

5. Kwa nini maji ya mito ni mekundu? Yamechafuka?

Hayajachafuka. Yana rangi ya chai ya rangi kwa sababu ile ile chai ina rangi: majani, magome na mizizi ya mierezi na mimea mingine inaloweka ndani yake, na chuma kilichoyeyuka kinaongeza wekundu. Ukiyachota kwenye chupa ya plastiki yanaonekana ya dhahabu. Mtoni, penye kina, yanakuwa karibu meusi. Mchanga wa chini unaonekana kama shaba.

Yana tindikali pia, kipimo cha pH kati ya 4 na 5 katika mito iliyo safi. Mto wa Pinelands ukianza kuwa na maji yasiyo na tindikali, ndipo wataalamu wanapopata wasiwasi, kwa kuwa kwa kawaida ni dalili ya mbolea au maji taka kutoka juu. Hapa ni mahali ambapo maji "mazuri" kwa macho yetu yanaweza kuwa ndiyo yaliyoharibika.

6. Naweza kuyanywa au kuogelea?

Usiyanywe bila kuyatibu, kama mto wowote ule. Inasimuliwa kuwa mabaharia wa zamani waliyapenda kwa safari ndefu kwa sababu hayakuharibika upesi kwenye mapipa.

Kuogelea kuna sehemu zake. Ziwa la Atsion, ndani ya Msitu wa Jimbo wa Wharton, lina ufukwe unaosimamiwa majira ya joto. Mtoni watu wengi hupiga makasia: Batsto, Mullica, Wading na Oswego zote zinafaa kwa mtumbwi mdogo au kayaki, na mkondo ni mpole kiasi cha mtu anayejifunza.

7. Maji ya chini ya ardhi ni mengi kiasi gani, na ni ya nani?

Hazina hiyo inaitwa Kirkwood-Cohansey, na makadirio yanayotajwa sana ni galoni trilioni 17, karibu lita trilioni 64. Haina paa la mwamba la kuikinga. Mafuta yakimwagika juu ya mchanga leo, hakuna kitakachoyazuia yasishuke.

Mwishoni mwa karne ya 19 tajiri wa viwanda wa Philadelphia, Joseph Wharton, alinunua ardhi kubwa hapa akitaka kuyapeleka maji haya mjini kwake kwa mabomba. Wabunge wa New Jersey wakapiga marufuku maji kusafirishwa nje ya jimbo, mpango ukafa. Ardhi yake ndiyo jimbo lilikuja kuinunua miaka ya 1950, na leo ni Msitu wa Wharton, mkubwa kuliko misitu yote ya jimbo. Tamaa ya mtu mmoja ya kuchukua maji ikaishia kuacha kipande kikubwa cha ardhi kikiwa kizima.

## Moto

8. Nimeona moshi na askari wa misitu wakichoma wenyewe. Kwa nini?

Waliokulia karibu na miombo hawataona ajabu: ni uchomaji wa mapema. Kikosi cha Zimamoto cha Misitu cha New Jersey, kilichoanzishwa 1906, huchoma kwa mpangilio katika miezi ya baridi, wakati unyevu uko juu na upepo umetulia. Moto mdogo unatembea chini, unakula majani makavu na vichaka, unaacha miti mikubwa. Mwezi Aprili upepo mkavu ukija, moto mkubwa unakosa chakula.

Kuna sababu ya pili, na kwangu ndiyo kubwa zaidi. Msitu huu ulizaliwa na moto. Mbegu za msonobari zinataka mchanga ulio wazi na jua. Zikiangukia kwenye tandiko nene la majani hazitoi mizizi. Moto ukikosekana kwa miongo mingi, mialoni inachukua nafasi, kivuli kinazidi, na vitu vinavyopenda jua vinaondoka kimoja kimoja: msonobari mchanga, maua ya mchangani, hata nyoka wa misonobari anayehitaji mchanga ulio wazi ili atage mayai.

9. Miti inaponaje?

Msonobari unaotawala hapa, jamaa wa mbali wa mipaina ya shamba la miti la Sao Hill, Tanzania, ana gome nene lenye magamba, na chini ya gome hilo ana machipukizi yaliyolala. Niliingia sehemu iliyoungua wiki chache baada ya moto. Mashina yote meusi, hakuna sindano hata moja juu, mikono ilitoka na masizi kila nilipogusa. Lakini ukisogeza uso karibu na shina, unakuta kishungi cha sindano za kijani, kirefu kama kidole, kimetokea moja kwa moja kwenye mkaa. Kingine juu yake, kingine upande wa pili. Kufikia Agosti mti mzima ulikuwa umevaa manyoya ya kijani kutoka chini hadi juu. Misonobari mingi duniani haiwezi hivyo. Ikiungua majani yote, imekufa.

Mialoni inatumia njia nyingine: shina linakufa, mizizi inachipua upya.

10. Ni kweli kuna msitu wa misonobari mifupi kuliko mtu?

Ni kweli. Unaitwa Pine Plains, upo hasa pale barabara ya 72 inapokutana na ya 539, na unazidi ekari 12,000. Misonobari na mialoni midogo haizidi mita tatu na kitu, na sehemu nyingi inakufikia kifuani. Ukisimama juu ya gari unaona upeo wa macho pande zote, kama nyikani.

Moto umepita hapa mara kwa mara kwa karne nyingi, na miti inayozaa mapema, kabla ya moto unaofuata, ndiyo iliyobaki kuacha mbegu. Koni zake, yaani matunda magumu yanayobeba mbegu, zimefungwa kwa utomvu na hukaa hivyo miaka. Joto la moto likiyeyusha utomvu, zinafunguka na kumwaga mbegu juu ya majivu ya moto.

11. Kama moto ni mzuri, kwa nini mnakataza tusiwashe?

Kwa sababu moto wa wakati mbaya unaua. Tarehe 20 Aprili 1963, baada ya ukame na katika upepo mkali, mioto iliwaka pande nyingi kwa pamoja. Ekari 183,000 ziliungua mwishoni mwa juma lile na watu 7 wakafa. Juni 2022 moto wa Mullica River uliteketeza kama ekari 13,500, na chanzo kilikuwa watu. Aprili 2025 moto wa Jones Road, kaunti ya Ocean, ulikula zaidi ya ekari 15,000. Tofauti ya moto wa askari na wako ni unyevu, upepo, maji yaliyo tayari na watu wa kuuzunguka.

12. Nyama choma je?

Inawezekana, kwenye majiko yaliyowekwa katika sehemu za mapumziko, kwa mfano Atsion. Asubuhi ya safari angalia tangazo la hatari ya moto, kwa kuwa wakati wa ukame mkaa na kuni hupigwa marufuku hata kwenye majiko hayo. Mkaa ukimaliza, mwagia maji, koroga, mwagia tena mpaka uweze kuugusa kwa mkono. Mchanga hauzimi mkaa, unauficha tu. Pombe hairuhusiwi katika misitu ya jimbo.

## Viumbe

13. Ni kweli kuna mimea inayokula wadudu?

Ipo, na si ya kuogopesha. Kinamasi hakina naitrojeni ya kutosha, kwa hiyo mimea hii inaitafuta kwenye wadudu. Mmoja ana majani kama magudulia yaliyojaa maji ya mvua. Mdudu anaingia akifuata utamu, nywele za ndani zinaelekea chini, hatoki. Mwingine ni mdogo kuliko sarafu, umelala juu ya sfagnamu, na kila unywele wake una tone linalong'aa kama umande. Tone hilo ni gundi. Piga magoti, weka miwani, usiuguse. Watu wazima niliowaleta wakitegemea kuona dubu ndio hao hao wanaokaa hapo dakika ishirini.

Mbolea na maji taka yakifika kwenye kinamasi, mimea hii inashindwa upesi na majani ya kawaida yanayopenda rutuba. Ndiyo maana sheria za Pinelands zinabana naitreti katika maji ya ardhini isizidi miligramu 2 kwa lita.

14. Huyo chura wa mtini kwenye mabango ni nani?

Ni chura wa miti wa Pine Barrens, ana urefu wa kama sentimita nne, kijani kibichi na mstari wa zambarau uliozungukwa na weupe ubavuni. Anazaliana kwenye madimbwi yenye tindikali ambayo vyura wengi hawayawezi. Nenda usiku wa joto mwishoni mwa Mei au Juni, zima taa, subiri. Sauti yake ni kama bata anayeita kwa pua, tena na tena, na wakianza wengi hamwezi kusikilizana.

15. Nyoka na kupe: niogope kipi?

Kupe. Nyoka mwenye njuga yupo, lakini ni wachache, wamo kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka New Jersey, na sheria inawalinda. Ukimwona, rudi nyuma, mpishe. Usimpige picha ukaitangaza pamoja na mahali alipo, kwa sababu wapo wanaokuja kuwaiba. Okidi adimu nazo vivyo hivyo.

Kupe ni suala la kila safari kuanzia Aprili hadi Novemba. Wapo wanaobeba ugonjwa wa Lyme, na wapo wenye doa jeupe mgongoni ambao kung'atwa nao kunaweza kumfanya mtu apate mzio wa nyama nyekundu, na mzio huo unaweza kuwa mkali. Vaa suruali ndefu, ingiza pindo ndani ya soksi, tembea katikati ya njia. Ukifika nyumbani vua nguo zote, kagua kwapa, nyuma ya magoti, kiunoni na nywele za watoto. Ukimkuta, mng'oe kwa kibano kidogo, mshike karibu na ngozi na uvute taratibu. Ukipata homa au duara jekundu siku zinazofuata, nenda hospitali na useme wazi ulikuwa msituni. Lyme inatibika vizuri ikiwahiwa.

## Watu wa misonobari

16. Nani aliishi hapa, na Waafrika walikuwapo?

Kwanza Walenape, wenyeji wa asili wa nchi hii, kwa maelfu ya miaka. Halafu walowezi waliogundua kwamba vinamasi vina chuma: maji yenye tindikali huyeyusha chuma kilicho mchangani, bakteria hukigandisha kandokando ya mito, na baada ya kuchimbwa hujijenga tena. Tanuru la Batsto lilianza 1766 na likatengeneza zana za jeshi la George Washington wakati wa vita vya uhuru. Misonobari ilikatwa ovyo ili ipatikane mkaa wa kuyeyushia. Makaa ya mawe ya Pennsylvania yalipokuja, matanuru yalizimwa katikati ya karne ya 19, na vijiji vyake vikarudi kuwa msitu. Batsto imehifadhiwa na unaweza kuitembelea.

Na ndiyo, Waafrika walikuwapo. James Still alizaliwa 1812 katika eneo ambalo sasa ni Shamong. Baba yake alijinunua kutoka utumwani Maryland. Mama yake alitoroka mara mbili: mara ya kwanza na watoto wanne, wakakamatwa; mara ya pili na mabinti wawili, akilazimika kuwaacha wavulana wawili nyuma. James hakupata shule ya maana, akajifunza mitishamba mwenyewe na vitabu alivyonunua, akawa tabibu wa Medford, Weusi kwa Weupe wakimfuata, mpaka akaitwa Daktari Mweusi wa Misonobari. Ndugu yake William alikuwa Philadelphia akiwasaidia watumwa waliotoroka, na mwaka 1850 alikaa kumsikiliza mgeni mmoja akieleza anatafuta wazazi wake, akagundua kuwa ni kaka yake Peter, mmoja wa wale wavulana wawili. Nyumba ndogo aliyotumia James kama zahanati imesimama Medford hadi leo.

Nje kidogo ya mpaka wa magharibi kuna Timbuctoo, kijiji cha Weusi huru kilichoanzishwa miaka ya 1820.

17. Bluberi na kranberi zina uhusiano gani na hapa?

Zote mbili ni mimea ya asili ya vinamasi hivi. Bluberi kubwa unazonunua dukani zilianzia hapa: Elizabeth White, binti wa mkulima wa kranberi wa Whitesbog, alishirikiana kuanzia 1911 na mtaalamu wa mimea Frederick Coville. Aliwapa watu wa msituni kipimo chenye tundu, akawalipa kwa kila kichaka cha porini chenye beri zisizopita tunduni, na akaviita vichaka kwa majina ya waliovigundua. Zao la kwanza liliuzwa 1916. Ninapenda kwamba ujuzi wa wale walioitwa washamba wa misonobari ndio ulioanzisha biashara hii.

Kranberi nenda Oktoba. Shamba linajazwa maji, beri zinaelea kwa hewa iliyo ndani yake, na ekari nzima inakuwa nyekundu.

18. Na lile jini la Jersey?

Simulizi inasema mwaka 1735 mama mmoja aitwaye Leeds alizaa mtoto wa kumi na tatu aliyegeuka kiumbe mwenye mabawa na kwato. Januari 1909 magazeti yalijaa habari za watu waliomwona, na shule kadhaa zikafungwa. Watoto ndio huuliza, nami huwaambia hadithi yote usiku, karibu na hema, kama bibi zetu walivyotuambia za kwao.

## Maswali magumu zaidi

19. Nimeona kiwanja Pinelands kwa bei ndogo mtandaoni. Ninunue?

Usilipe kabla hujaiuliza Kamisheni kwa maandishi. Ndugu yangu mmoja alinunua ekari mbili kwa bei ya kutupwa, akaja kuambiwa sehemu kubwa ni ardhi oevu na iliyobaki imo ndani ya ukanda wa kinga, ambao unaweza kufika futi 300 kutoka kwenye kinamasi. Aliyemuuzia alijua. Fedha ile ilikuwa ya nyumba ya mama yake Tanga.

Eneo limegawanywa: sehemu za ndani kabisa ujenzi karibu haupo, sehemu za pembeni zimetengwa kwa ukuaji wa miji. Mwenye ardhi iliyobanwa si kwamba ameachwa mikono mitupu. Anaweza kupewa haki za ujenzi anazoziuza kwa mjenzi wa eneo la ukuaji, naye mjenzi anaongeza nyumba kule. Ardhi ya muuzaji inafungwa isijengwe daima. Ni moja ya mipango ya mwanzo ya aina hiyo Marekani, na imehifadhi maelfu ya ekari bila serikali kuzinunua.

20. Naweza kuingia na gari la magurudumu manne?

Kwenye barabara za msitu zilizo wazi, ndiyo, kama gari lina usajili na bima ya barabarani. Nje ya barabara hizo, hapana. Mchanga huu mlaini wenyeji wanauita wa sukari, na unameza tairi mpaka kwenye ekseli. Msaada unaweza kuchukua saa nyingi na simu mara nyingi haishiki. Kibaya zaidi ni magari yanayochezea madimbwi. Nililikuta moja lenye mayai ya chura limekorogwa likawa tope tupu, alama za tairi zikizunguka kama mtu aliyekuwa anachora. Dimbwi lile lilikuwa limechukua maelfu ya miaka kuwa vile.

21. Kamisheni iliruhusu kukata mamilioni ya miti. Huo ni ulinzi gani?

Ni kweli. Mwaka 2022 iliidhinisha mpango wa Msitu wa Bass River wa kuondoa miti ipatayo milioni 2.4, ili kupanua njia ya kuzuia moto na kupunguza msongamano. Idadi hiyo inatisha, lakini mingi ni miti myembamba kama kidole gumba iliyobanana pasipopita moto wa kutosha (swali la 8). Walioupinga nao walikuwa na hoja ya haki kuhusu miti mikubwa na usumbufu kwa viumbe. Mimi naona kupunguza miti karibu na nyumba za watu kuna mantiki, mradi kufuatwe na uchomaji wa kawaida. Kukata peke yake hakufanyi kazi ya moto: hakufungui koni, hakusafishi mchanga.

22. Mierezi inayokufa karibu na bahari ni ugonjwa?

Ni chumvi. Bahari inapanda na ardhi ya pwani hii inazama polepole, hivyo maji ya chumvi yanaingia mbali zaidi kila dhoruba inapokuja. Karibu na mdomo wa Mullica utaona mierezi imesimama mieupe, haina gome, kama mifupa iliyochomekwa kwenye matete. Juu zaidi, mbali na chumvi, jimbo na washirika wake wanajaribu kuirudisha mierezi kwenye maelfu ya ekari ilikokatwa zamani. Wanaondoa miti iliyoichukulia nafasi, wanaacha mwanga uingie, na wanazungusha uzio, kwa sababu kulungu hupenda miche ya mwerezi kuliko chakula kingine. Ndani ya uzio mmoja niliouona miche ilikuwa imefika magotini. Nje yake, hatua moja tu, hapakuwa na hata mmoja.